Hans Cory

Hans Cory (jina la awali: Hans Koritschoner, Vienna, Austria, 1888 – 1962) alikuwa mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Tanganyika, sehemu kubwa ya Tanzania ya leo. Kwa miaka mingi alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Alitumwa wilaya baada ya wilaya kuchunguza mila, sheria na utawala wa jadi wa makabila ya nchi hiyo.

Katika Mkoa wa Kagera anakumbukwa hasa kwa kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya alichoandika pamoja na M. M. Hartnoll na kilichotolewa mwaka 1945. Kitabu hicho kimetumiwa na mahakimu, mawakili na wanafunzi wa anthropolojia kwa vizazi kadhaa. Cory pia ndiye aliyeanzisha kazi ya kuunganisha sheria za mila za Tanganyika baada ya uhuru. Matokeo ya kazi hiyo yalitangazwa mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na mpaka leo yanagusa maisha ya familia nyingi nchini, hasa katika mambo ya urithi wa ardhi.

Maisha ya awali

Cory alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Milki ya Austria-Hungaria, mwaka 1888. Alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita hivyo koloni la Wajerumani lilivunjwa, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kama eneo la kudhaminiwa na Shirikisho la Mataifa. Katika kipindi hicho Cory alijishughulisha na kilimo cha mkonge.

Hakuanza kama msomi wa chuo kikuu aliyetumwa kufanya utafiti. Aliingia katika anthropolojia kwa kuishi nchini, kujifunza lugha na kupendezwa na mambo ambayo Wazungu wengi wa wakati ule waliyapuuza au kuyaita ushirikina. Mwaka 1936, akitumia bado jina la Koritschoner, alitoa makala katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya London juu ya ngoma ya sheitani, yaani ngoma inayochezwa ili kumtibu mtu anayesemekana kupagawa na pepo. Katika makala hiyo ngoma ilielezwa kama njia ya tiba kwa wagonjwa wenye mateso ya nafsi. Mwaka uliofuata aliandika juu ya nyimbo za Waafrika wa Afrika Mashariki katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Maandishi yake yaliyotoka tangu miaka ya 1940 yana jina la Cory.

Mwanasosholojia wa serikali

Tangu mwaka 1926, wakati wa gavana Donald Cameron, Waingereza waliendesha Tanganyika kwa utawala usio wa moja kwa moja. Machifu walitambuliwa kisheria kuwa mamlaka za wenyeji. Walikusanya kodi, walitoa amri na kusimamia mahakama zilizohukumu kwa kufuata mila.

Mpango huo ulikuwa na ugumu mkubwa: mkuu wa wilaya aliyetakiwa kukagua hukumu za mahakama hizo mara nyingi hakuzijua mila zenyewe, naye alihamishwa kabla hajazijua. Serikali ilihitaji mtu wa kuziandika. Katika miaka ya 1940 Cory alichukuliwa kwa kazi hiyo.

Kazi ya mwanasosholojia wa serikali ilikuwa tofauti na ile ya mtafiti wa chuo. Mtafiti huchagua swali lake mwenyewe na kukaa mahali pamoja mwaka mzima au zaidi. Cory alipewa maswali na serikali: nani ana haki ya kurithi, mahari hurudishwaje mke akiachika, baraza la chifu lina nguvu gani, mgogoro fulani wa utawala umetokana na nini. Alitakiwa kutoa majibu ambayo hakimu au mkuu wa wilaya angeweza kuyatumia. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maandishi yake ni ripoti za kiofisi ambazo hazikuchapwa kamwe. Zinahusu makabila mengi, wakiwemo Wahaya, Wasukuma, Wanyamwezi na Waarusha.

Kazi kati ya Wahaya

Wilaya ya Bukoba

Wilaya ya Bukoba ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ile ya leo, kwani ilijumlisha pia maeneo yaliyo sasa chini ya Wilaya ya Muleba. Wahaya waliishi chini ya falme kadhaa: Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Maruku, Kianja, Ihangiro na Missenyi, mbali na Karagwe upande wa magharibi. Ihangiro, katika Muleba ya leo, ilikuwa upande wa kusini. Kila ufalme ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa Mukama. Nyingi kati ya falme hizo zilitawaliwa na ukoo wa Wahinda, ila Kiziba ilitawaliwa na ukoo wa Wabito, wenye asili moja na watawala wa Bunyoro katika Uganda.

Cory hakuwa wa kwanza kuandika juu ya nchi hiyo. Mjerumani Hermann Rehse alikuwa ametoa mwaka 1910 kitabu juu ya Kiziba na watu wake, na mmisionari Edmond Césard aliandika juu ya Wahaya katika jarida la Anthropos. Wahaya wenyewe walikuwa na wataalamu wao. Maarufu kati yao ni Francis Lwamgira wa Kiziba, aliyekuwa katibu wa machifu wa Bukoba na aliyeandika kwa Kihaya historia ya Kiziba na wafalme wake.

Buhaya pia haikuwa nchi iliyosimama mahali pamoja. Kahawa ilikuwa imeingiza fedha katika kila kijiji, shule za misheni zilikuwa nyingi, na chama cha Bahaya Union kilikuwa kimeanzishwa tangu mwaka 1924. Mwaka 1937 wakulima walipinga kwa nguvu amri za serikali juu ya namna ya kutunza kahawa. Ardhi iliyopandwa migomba na kahawa ilikuwa na thamani inayohesabika kwa shilingi, na kesi za ardhi na urithi zilijaa mahakamani.

Kitabu cha mwaka 1945

Kitabu cha Cory na Hartnoll, Customary Law of the Haya Tribe, kilitolewa London kwa ajili ya Taasisi ya Kimataifa ya Afrika. Kimepangwa kama kitabu cha sheria, si kama masimulizi ya safari wala maelezo ya jumla ya utamaduni. Kinaenda kwa vifungu vyenye namba, kimoja baada ya kingine, ili hakimu aweze kutafuta jambo analolitaka na kulitaja katika hukumu. Mada zake kuu ni urithi, ndoa na talaka, mahari, ulezi wa watoto na umilikaji wa ardhi.

Msingi wa mambo yote ni ukoo unaofuata upande wa baba. Kila ukoo una jina lake na mwiko wake, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni mali ya anayekilima, lakini kikiwa kimerithiwa kutoka kwa mababu ni pia amana ya ukoo. Makaburi ya wazee yamo humo. Ndiyo sababu kibanja cha ukoo hakikuweza kuuzwa kwa mtu baki bila ndugu kushirikishwa. Kama kimeuzwa, ndugu walikuwa na haki ya kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Mbali na kibanja kuna rweya, nyika ya majani iliyo kati ya vijiji, iliyotumika kwa malisho, kukata nyasi na mashamba ya msimu.

Katika urithi Wahaya hawakugawa mali sawa kwa sawa. Mrithi mkuu aliitwa musika. Ndiye aliyechukua nafasi ya marehemu pamoja na sehemu kubwa ya mali, na wajibu wa kuwatunza waliobaki. Warithi waliofuata, mainuka na kyagati, walikuwa na mafungu yao madogo zaidi. Mjane hakumrithi mumewe, ila aliweza kuendelea kukaa katika kibanja chini ya ulinzi wa mrithi au kurudi kwao. Binti naye hakuwekwa sawa na kaka zake. Aliweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, lakini si kuiuza, kwa kuwa akiolewa watoto wake huwa wa ukoo mwingine na ardhi ingetoka nje pamoja nao.

Kitabu kinaeleza pia desturi ya bisisi, ambayo kwayo ubaba wa mtoto haukuamuliwa kwa damu pekee. Vifungu vya namna hiyo viliwavutia wanaanthropolojia, kwa sababu vinaonyesha kwamba baba ni cheo kinachotolewa na jamii kwa kanuni zake.

Nyarubanja

Sehemu iliyokuwa na uzito wa kisiasa kuliko nyingine ni ile ya nyarubanja. Chini ya mfumo huo Mukama alimpa ndugu au mtumishi wake mteule eneo kubwa lenye watu ndani yake. Wakulima waliokuwa wakikaa humo waligeuka wapangaji wa bwana huyo, wakimlipa kila mwaka kwa mazao, pombe, kazi au baadaye fedha. Mpangaji aliyeshindwa kulipa aliweza kufukuzwa katika kibanja alichokilima mwenyewe.

Kahawa ilipoleta fedha, kuwa bwana wa nyarubanja kulikuwa na faida kubwa, na malalamiko ya wapangaji yakaongezeka. Kwa hiyo kuandika kwamba nyarubanja ni mila, na kupanga kanuni zake kwa namba, hakukuwa jambo dogo: kulimpa bwana karatasi ya kujitetea mahakamani, ingawa kulimwekea pia mipaka. Mfumo wenyewe ulifutwa na serikali huru kwa sheria ya mwaka 1965, na wapangaji wakawa wamiliki wa vibanja vyao. Mwaka 1968 sheria nyingine ilimaliza aina nyingine za upangaji wa ardhi wa kimila.

Historia ya Bukoba

Cory alirudi kwenye habari za Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kitabu kidogo juu ya historia ya Wilaya ya Bukoba, Historia ya Wilaya Bukoba, kilichochapwa Mwanza na Lake Printing Works. Humo alikusanya mapokeo juu ya asili ya falme na koo. Mapokeo ya namna hiyo yalikuja kuchunguzwa tena na mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt. Alichimba Katuruka, katika eneo la Maruku, mahali panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe. Uchimbaji huo ulionyesha kwamba ufuaji wa chuma katika Buhaya una umri wa takriban miaka 2,000 au zaidi. Hivyo masimulizi ya wazee yalisaidia kupata mahali penye ushahidi wa kale kuliko kumbukumbu yoyote ya maandishi katika nchi hiyo.

Kazi kati ya Wasukuma

Eneo la pili ambalo Cory alilifanyia kazi kubwa ni Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya ibada za ntemi, yaani mkuu wa jadi wa Wasukuma: namna anavyochaguliwa, anavyosimikwa na anavyozikwa. Mwaka 1953 kilifuata kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Wakati wa kukiandaa, falme nyingi za Usukuma zilikuwa zimeunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya, na serikali ilitaka zote zihukumu kwa kanuni zinazofanana. Kwa hiyo Cory hakuandika tu tofauti alizozikuta. Alikaa na wawakilishi wa falme mbalimbali ili wakubaliane juu ya kanuni moja. Njia hiyo aliitumia tena miaka ya mwisho ya maisha yake kwa nchi nzima.

Mwaka 1954 alitoa maelezo ya mfumo wa siasa wa Wasukuma pamoja na mapendekezo ya kuurekebisha. Alitaka mabaraza ya watu wa kawaida yaanze ngazi ya chini ya kijiji na kupanda hadi juu, yakijengwa juu ya vyama na vikundi vya vijijini vilivyokuwepo tayari.

Vyama hivyo vilimvutia kwa namna ya pekee. Aliandika juu ya Wayeye, chama cha siri cha waganga wa nyoka, na mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya michoro waliyoichora katika kuta za nyumba zao. Michoro hiyo ya watu, nyoka na mashujaa wa hadithi ilitumika kuwafundisha wanachama wapya nyimbo na siri za chama. Mwaka 1955 aliandika juu ya Waswezi, chama cha ibada za mizimu ambacho jina lake linahusiana na Wacwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa katika mapokeo ya Buhaya, Karagwe, Ankole na Bunyoro.

Vinyago vya udongo

Nje ya ofisi Cory alikuwa mkusanyaji. Kazi yake iliyojulikana zaidi kimataifa ni juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago kaskazini-mashariki mwa Tanganyika, kwa mfano kati ya Wanguu, Wazigua, Wasambaa na Wapare. Alianza kuviandika katika makala ya mwaka 1944 na kuvieleza kwa ukamilifu katika kitabu African Figurines cha mwaka 1956. Aliandika pia makala ndefu juu ya jando.

Vinyago hivyo vilifinyangwa kwa ajili ya mafunzo, na kila kimoja kilikuwa na wimbo wake. Mwalimu alikionyesha, wimbo ukaimbwa, na maana ikaelezwa: heshima kwa wakwe, uaminifu katika ndoa, hatari ya uvivu, siri za mwili wa mwanamume na mwanamke. Mafunzo yakiisha, vinyago viliharibiwa au kufichwa. Kwa mgeni vilionekana kama sanamu za uchawi, lakini Cory alionyesha kwamba vilikuwa vifaa vya kufundishia, sawa na vitabu kwa watu wasiotumia maandishi. Wazo hilo ni mchango wake ulio rahisi kueleweka kwa mwanafunzi wa leo. Jamii ambayo haikuwa na shule za majengo ilikuwa na mtaala, walimu, vielelezo na mitihani yake.

Mkusanyo wa vinyago hivyo uliingia katika makumbusho ya Dar es Salaam, sasa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Kiswahili

Cory alifanya kazi yake kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, kwani ndiyo lugha iliyomwezesha kuzungumza na wazee wa makabila mengi. Baadhi ya maandishi yake yalitolewa kwa lugha hiyo ili mahakama za wenyeji ziweze kuyasoma, kwa mfano Sheria na Kawaida za Wanyamwezi. Alikusanya pia mashairi ya Kiswahili na kuyatoa katika kitabu Sikilizeni Mashairi kilichochapwa Mwanza.

Uhuru na kuunganishwa kwa sheria za mila

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Serikali mpya haikutaka kila kabila liendelee kuwa na sheria yake na mahakama yake. Machifu walipoteza mamlaka yao ya kisheria mwaka 1963, na mahakama za wenyeji ziliingizwa katika mfumo mmoja wa mahakama za nchi. Ilibaki kazi ya kuziweka pamoja sheria za mila zenyewe.

Kazi hiyo alipewa Cory, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Ilianza na makabila yanayofuata ukoo wa baba, ambayo ndiyo yaliyo mengi nchini. Wawakilishi wa wilaya walikutana, wakasomewa kanuni, wakalinganisha desturi zao na kujaribu kufikia kauli moja. Baada ya hapo halmashauri za wilaya zilitakiwa kuzikubali kanuni hizo kabla hazijawa sheria katika maeneo yao.

Cory alifariki mwaka 1962 kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni hizo katika matangazo mawili, namba 279 na namba 436, yanayohusu mahari, ndoa, talaka, hali ya watoto, ulezi, urithi na wosia. Mtu aliyesoma kitabu cha Wahaya cha mwaka 1945 anatambua mara moja ndani yake mpangilio na mawazo ya kazi za Cory. Kati ya kanuni za urithi, ile ya 20 inasema kwa maana yake kwamba mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo anaweza kuitumia tu maisha yake yote, bila ruhusa ya kuiuza.

Kesi ya Muleba

Uzito wa kanuni hiyo ulionekana miaka 26 baada ya kifo cha Cory, katika kijiji cha Wilaya ya Muleba. Mwanamke mmoja Mhaya alikuwa ameachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, bila mtu wa kumtunza, aliiuza ardhi hiyo mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mara moja mwanamume wa ukoo alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba uuzaji ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya iliitengua hukumu hiyo kwa msingi wa haki za binadamu, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi. Mwanamume wa Kihaya aliweza kuuza ardhi ya ukoo, na ndugu wakawa na haki ya kuikomboa tu, lakini mwanamke alinyimwa hata uwezo wa kuuza. Ubaguzi huo ulipingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na ambazo mahakama zilianza kuzitekeleza mwaka 1988. Pia ulipingana na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia. Uuzaji ulithibitishwa. Ukoo haukupoteza kila kitu: uliachiwa nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei yake katika muda uliowekwa, sawa na ambavyo ingekuwa kama muuzaji angekuwa mwanamume.

Kesi hiyo inafundishwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Tanzania. Hata hivyo matangazo ya mwaka 1963 hayakuondolewa katika vitabu vya sheria. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, ilikubali kwamba kanuni za urithi zinabagua lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kwamba wajane hao walikuwa wamevunjiwa haki zao. Kwa upande wa ardhi, sheria za mwaka 1999 zimewapa wanawake haki sawa na wanaume za kupata, kumiliki na kutumia ardhi, nazo zinabatilisha mila inayowanyima haki hiyo katika ardhi ya kijiji.

Tathmini

Wataalamu wanatofautiana juu ya kazi ya Cory. Wanaomsifu wanasema aliokoa maarifa mengi ambayo yangepotea, na kwamba mahakimu walioandikiwa kanuni hawakuweza tena kubuni mila kwa faida ya mwenye fedha. Wanataja pia kwamba aliwaheshimu wazee kama wataalamu wa sheria wenye hoja.

Wanaomkosoa wanaanzia swali la nani aliulizwa. Wasemaji wakuu katika mabaraza yale walikuwa machifu na wazee wa kiume, wengi wao wenye ardhi. Wanawake, wapangaji wa nyarubanja na vijana walisikika kidogo. Kwa hiyo kilichoandikwa kuwa mila ya Wahaya wote kilikuwa mara nyingi maoni ya upande mmoja katika ugomvi uliokuwa unaendelea. Tena mila isiyoandikwa hubadilika: wazee hukaa, hupima hali ya mlalamikaji na kutafuta suluhu. Ikishapewa namba katika kitabu inaganda, na kanuni ya miaka ya 1940 inaweza kutumika miaka 40 au 80 baadaye kana kwamba ni ya tangu enzi. Tangu miaka ya 1980 wanahistoria kama Terence Ranger na Martin Chanock wameeleza kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa sheria za mila barani Afrika ilitokana na mazungumzo ya aina hiyo kati ya serikali za kikoloni na wazee.

Hoja hizo mbili zinakutana katika kesi ya Muleba. Bila kitabu, mahakama isingekuwa na kanuni iliyo wazi ya kuipima kwa Katiba. Pamoja na kitabu, mwanamke mzee alilazimika kupita mahakama tatu ili atambuliwe kuwa na haki ya kuuza ardhi aliyoachiwa na baba yake.

Kumbukumbu

Karatasi za Cory, yaani ripoti, madaftari na makala ambazo hazikuchapwa, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo zinatumiwa na wanafunzi wa historia, sheria, sosholojia na anthropolojia. Kwa makabila mengine ni kati ya maandishi ya kwanza marefu juu ya taratibu zao za ndoa, urithi na utawala. Kitabu juu ya Wahaya kilichapwa upya miaka ya 1970.

Baadhi ya vitabu vyake

1945 – Customary Law of the Haya Tribe, pamoja na M. M. Hartnoll
1951 – The Ntemi, juu ya ibada za mkuu wa Wasukuma
1953 – Sukuma Law and Custom
1953 – Wall-Paintings by Snake Charmers in Tanganyika
1956 – African Figurines, juu ya vinyago vya jando na unyago

Tazama pia

Wahaya
Mkoa wa Kagera
Wilaya ya Muleba
Wasukuma
Anthropolojia
Sheria za mila